Siku Yai Lilipogonga Smokie

Nimeendesha magari ya watu wengine kwa miaka ishirini na miwili. Nimeendesha lori la mchanga, gari la mkate, pikapu ya magodoro, na kwa majuma matatu niliwahi kuendesha gari la kubeba maiti, kazi tulivu kuliko zote kwa sababu abiria hakuelekezi njia. Sijawahi kuwa na gari langu. Wala sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili bila nyayo kuniwasha. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba asubuhi nilipogonga gari la shule ya udereva, lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, sikuwa mgeni barabarani. Ningekuwa mgeni, ningekuwa na la kujitetea.

Nilikuwa nimerudi Nairobi kwa mara ya sita au ya saba, nalala kwenye kochi la dada yangu. Mume wake, shemeji yangu, ni mtu wa maneno machache na gari moja. Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la mviringo mviringo, na analipenda kwa namna ambayo dada huizungumzia jikoni mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi hiyo alinikabidhi ufunguo kama mtu anayekabidhi mtoto kwa daktari.

"Lipeleke Kilimani likaoshwe," akasema. "Kuoshwa tu, shemeji."

Kutoka kwao hadi Kilimani ni dakika ishirini ikiwa mtu hana kumbukumbu. Mimi ninazo. Siwezi kupita barabara ya Argwings Kodhek bila kuihesabu upya: hapa palikuwa na nyumba ya bati jekundu yenye mbwa kiziwi, hapa palikuwa na fundi viatu aliyeimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kike, hapa niliwahi kungoja msichana kuanzia saa nane hadi mvua iliponyesha. Vyote vimeondoka vikaacha magorofa. Kwa hiyo mimi huendesha gari katika barabara mbili kwa wakati mmoja, ile iliyopo na ile iliyokuwepo, na kwa bahati mbaya ni moja tu kati yake yenye magari.

Pale Hurlingham, upande wa kushoto, zamani kulikuwa na kibanda cha kinyozi. Kioo chake kilikuwa na ufa katikati, hivyo kila aliyenyolewa alijiona ana pua mbili. Nilinyolewa pale nikiwa na miaka ishirini na kitu, na kila nikitoka nilijipapasa uso ili kuhakikisha. Sasa pamesimama jumba la vioo, na mlangoni kuna maua katika vyungu, maua ya aina ile isiyokua wala kunyauka. Nikapunguza mwendo kidogo, ingawa si vya kutosha. Nikageuza kichwa. Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, "Pale palikuwa na kinyozi."

Kisha nikasikia kishindo. Si kishindo cha ajali za kuandikwa magazetini. Kilikuwa cha sufuria kuanguka jikoni wakati wageni wameshaketi sebuleni.

Kila mtu atakwambia kwamba ukigonga gari, jambo la kwanza ni kusimama. Hilo nilikuwa nimeshalifanya. Gari la mbele lilinisaidia. La pili ni kutazama kama kuna aliyeumia. Nikajitazama. Masikio mawili, magoti mawili, pua moja. Nikazima injini, nikawasha taa za tahadhari, nikashuka.

Mlango wa dereva wa gari la mbele ulifunguka, akatoka mama wa miaka hamsini hivi, mpana wa mabega, amevaa sweta ya kijivu na viatu vya kwendea kanisani. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa mbele ya kifua kana kwamba imeshika usukani. Upande wa pili akatoka mwalimu wake, mwanamume mwembamba sana mwenye tai fupi, mkononi ana kipande cha eriali ya redio ambacho baadaye nilijua ndicho anachofundishia.

"Pole, baba," mama akaniambia.

"Pole, mama," nikamwambia.

"Poleni," mwalimu akasema.

Mtu wa bodaboda alikuwa ameshasimamisha pikipiki yake katikati yetu, na helmeti imekaa kisogoni kama kofia ya kasisi. "Sasa kila mtu amesema pole," akasema. "Makosa ni ya nani?"

Hilo ndilo swali la Nairobi. Kwingineko nilikoishi watu hukimbilia kuuliza umeumia wapi. Hapa huangalia kwanza kama unasimama wima, na ukisimama tu, mahakama imeanza. Katika dakika tatu tulikuwa na watu kama ishirini. Walikuwepo wa ofisini wenye vitambulisho shingoni, wajenzi wenye vumbi la saruji, na muuza smokie aliyesukuma toroli lake lote hadi ukingo wa barabara ili asikose kitu. Kwa wasiolijua, toroli la smokie ni sanduku la bati kwenye magurudumu, lenye soseji za moto, ndizo smokie zenyewe, mayai ya kuchemsha, kachumbari na chupa nyekundu ya sosi.

Nilikumbuka kwamba magari yanayokuja nyuma lazima yaonywe. Nikafungua buti la shemeji kutafuta zile pembetatu nyekundu za kusimamisha barabarani. Nilikuta gambuti moja ya mguu wa kushoto. Basi tukafanya kama inavyofanyika nchi nzima: mjenzi mmoja akavunja matawi ya ua lililokuwa karibu, akayatandika barabarani nyuma ya gari langu. Magari yakaanza kutukwepa kwa heshima. Kwetu dereva anaweza kudharau taa nyekundu, lakini tawi bichi barabarani hulitii.

Askari wa jumba la vioo akaja mbio, rungu mkononi. "Nani amevunja hiyo ua?"

"Ua gani?" akauliza mtu wa boda. "Ya kunusa ama ya kuzunguka?"

"Ya kampuni!"

"Basi mwambie kampuni imeokoa maisha."

Askari alifikiri jambo hilo, akaliona kuwa zuri, akabaki kutazama na sisi.

Nilikwenda kukagua uharibifu. Gari la shemeji lilikuwa limechubuka pua na taa moja imepasuka. Gari la shule, la rangi ya kahawia na refu kiasi, lilikuwa limebonyea nyuma, na kifuniko cha buti kilikuwa kimefunguka na kukataa katakata kufungwa. Ukikibonyeza, kinainuka taratibu kama mtu anayeomba kuuliza swali. Taa zake za nyuma zilikuwa nzima. Nikapiga picha: magari yote mawili, namba zake, stika za bima, barabara, matawi, na kwa bahati mbaya mtu wa boda aliyenyoosha vidole viwili katika kila picha.

Mwalimu hakuwa anatazama buti. Alikuwa anatazama saa. "Saa tatu na robo," akamwambia mama, kwa sauti ya chini.

"Najua, mwalimu."

"Mtihani ni saa tano."

"Najua, mwalimu."

Wote tukasikia, na umati ukataka kujua. Ikabidi mama aeleze, naye alieleza akiwa amesimama wima kama anayetoa ushuhuda kanisani. Alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Kitisuru, mwaka wa kumi na moja sasa. Dereva wa nyumba ile, anayewapeleka watoto shuleni, anaondoka wiki hii kwenda kwao. Mwajiri wake alimwambia: Jumatatu ukija na leseni, kazi ni yako, usipokuja nayo, ninamwita mtu mwingine. Alikuwa ameshafanya mtihani mara mbili. Mara ya kwanza gari lilimzimikia langoni kabla ya kuanza. Mara ya pili alikwama kwenye ule ubao.

Hapo umati wote ukaguna kwa huruma, kwa sababu kila Mkenya mwenye leseni ameupitia ubao ule. Ni meza kubwa iliyochorwa mji mdogo: barabara, mizunguko, sehemu za kuegesha. Unapewa kigari cha kuchezea, unaambiwa kitoe hapa ukipeleke pale, na unakisukuma kwa kidole huku ukitangaza kila unachofanya. Mama alikuwa amekisukuma vizuri hadi alipoanza kunguruma kwa mdomo. Mtahini alicheka, naye mama alipoona anacheka akaupita mzunguko kinyume.

"Sasa leo ni ya tatu," akasema. "Nikikosa, siku nyingine watanipa mwezi ujao. Na Jumatatu ni hii."

"Mathe, panda nikupeleke," mtu wa boda akasema. "Dakika ishirini uko hapo."

"Akifika atafanyia mtihani pikipiki yako?" mwalimu akamuuliza. "Shule ina gari moja tu la mtihani. Ni hilo."

"Basi ondokeni nalo."

"Siwezi kuligusa kabla polisi hajaja. Likisogezwa, tutaambiwa tumeharibu ushahidi."

Na kweli ndivyo tulivyofundishwa sote. Magari yakiachwa yalivyo, polisi akija atajua nani alikuwa wapi. Askari wa jumba akasema ameshapiga simu, afisa yuko mzunguko wa mbele, anakuja kwa miguu. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na umati wa Nairobi haujui kungoja bila kuamua.

"Mathe," mtu wa boda akaanza, "ulisimama ghafla. Kwa nini?"

Mama akaonyesha mbele ya gari lake. Palikuwa na zebra ya kuvukia watu, mistari yake imefifia, lakini ilikuwepo.

"Nani alikuwa anavuka?"

"Hakuna."

"Sasa ulimsimamia nani?"

"Niliisimamia zebra."

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile mahali pa ajali. Mjenzi mmoja alilazimika kukaa kwenye jiwe.

"Mathe, hii ni Nairobi! Zebra ni rangi tu!"

"Mwalimu alinifunza nikiwa na shaka nisimame," mama akasema. "Nilikuwa na shaka."

"Shaka ya nini?"

"Ya kila kitu! Mimi nina mtihani!"

Ukaanza kujengeka, mbele ya macho yangu, uamuzi ambao sikuutarajia. Mimi ndiye niliyegonga kwa nyuma. Lakini umati ulikuwa unaniangalia kwa huruma. Maskini huyu baba, alikuwa anaenda zake, mtu akasimama kwenye zebra! Angejuaje? Mzee mmoja mwenye koti alinipiga bega akasema hata yeye angegonga. Na mimi, ambaye kichwani nilikuwa nasikia sauti ya shemeji ikisema kuoshwa tu, nilijikuta nikitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeonewa.

Mwalimu hakulivumilia hilo. Alikwenda kwenye toroli, akafunga mfuniko wake, akaomba chupa ya sosi. Kwa sosi akachora barabara juu ya bati, leni mbili, safi kabisa. Alikuwa na mkono mzuri. Akapanga vijiti vya meno kuwa zebra. Akaweka kachumbari kuwa ua. Kisha akachagua smokie moja, ndefu na ya kahawia, akailaza nyuma ya vijiti. "Hili ni gari la shule." Nyuma yake akaweka yai lililomenywa. "Hili ni la huyu bwana."

Nilitaka kupinga, lakini nilipoligeukia gari la shemeji sikuona tofauti.

"Mlipata leseni, sivyo?" akauliza umati, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya darasani. Watu wakanyooka. "Nani ataliendesha yai?"

Mtu wa boda akajitolea. Akaweka kidole juu ya yai, akakohoa, na yale maneno tuliyokariri sote yakamtoka yenyewe: "Niko leni ya kushoto. Nimefunga mkanda. Nimeangalia kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto. Naingia barabarani." Yai likaanza kubingirika. Likatoka nje ya sosi, likapita kwenye kachumbari, muuza smokie akalidaka kwa kifua.

"Umefeli," mwalimu akasema.

Alijaribu askari. Alijaribu dada mmoja wa ofisini, ambaye alifika hadi nyuma ya smokie na kusimama umbali mzuri, akapigiwa makofi. Kila mmoja alikuwa na ushauri. Mzee mwenye koti alitaka smokie iwashe indiketa. Mjenzi aliuliza kama yai lina breki.

"Sasa mwenyewe," mwalimu akasema, akaninyooshea eriali.

Nikaweka kidole juu ya yai. Lilikuwa bado na joto. Nikashangaa kwamba baada ya miaka ishirini na miwili maneno yote yalikuwa bado kichwani, kwa mpangilio uleule. "Niko leni ya kushoto. Nimefunga mkanda. Nimeangalia kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto. Mwendo wangu ni wa wastani. Ninatazama…"

Hapo ulimi ukakataa.

"Mbele," dada wa ofisini akaninong'oneza, akidhani nimesahau.

Mama hakuninong'oneza kitu. Alikuwa ananiangalia tu, mikono bado mbele ya kifua. Naye alijua. Nadhani aliniona katika kioo chake, kwa sababu yeye huangalia vioo.

"Endelea," mwalimu akasema.

Sikupata nafasi ya kuendelea, maana mtu wa boda, ambaye alikuwa na njaa tangu asubuhi, alinyoosha mkono akala gari la shule.

"Wewe! Hiyo ni ushahidi!" askari akapiga kelele.

"Ushahidi iko na pilipili poa," mtu wa boda akasema akitafuna.

Na wakati huo ndipo afisa wa trafiki alipowasili, mtu mnene mwenye jasho, akiwa na daftari kwapani. Akatazama magari, akatazama matawi, kisha akatazama kwa muda mrefu mfuniko wa toroli, wenye barabara ya sosi, yai moja na watu ishirini walioinama juu yake.

"Ajali ni gani?" akauliza. "Hii ama ile?"

Akaelezwa na watu wote kwa pamoja. Alichopata ni kwamba kuna mwanafunzi wa udereva alisimama kwenye zebra isiyo na mtu. "Afande, alisimama tu!" wakasema, na mzee mwenye koti akaongeza kwamba siku hizi watu hawajali. Mwalimu peke yake alishikilia kwamba aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye makosa. Afisa akapima barabara kwa hatua zake, akachora mchoro, akapangusa jasho. Kisha akatoa uamuzi wake. Maneno yalikuwa yanapingana, akasema, kwa hiyo magari yote mawili yataenda kituoni, madereva wote wawili wataandika maelezo, na mkaguzi wa magari atayatazama mchana, au jioni, akipatikana.

Mwalimu alitazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro kumi.

Mama hakulia wala hakumwomba afisa. Alikwenda akasimama karibu na mlango wa gari lake, akaanza kusema kwa sauti ndogo, kama anayesali: "Niko leni ya kushoto. Nimefunga mkanda." Aliendelea nayo mpaka mwisho, kisha akaanza tena. Nadhani alikuwa anaifanyia mazoezi tu ili isimtoke, kwa ajili ya mwezi ujao au wakati wowote.

Sitaki kujisifu. Nilisimama pale muda mrefu zaidi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilifikiria shemeji, nikafikiria kochi, nikahesabu miji ambayo bado sijaishi. Kisha nikamwita afisa.

"Afande, maneno hayapingani. Makosa ni yangu. Sikuwa natazama mbele."

Umati ukasema "Aaah!" kama timu yao imejifunga bao.

"Ulikuwa unatazama nini?" afisa akauliza, kalamu tayari.

"Kinyozi."

"Kinyozi yuko wapi?"

"Hayupo."

Akaacha kuandika. "Ameenda wapi?"

"Alivunjwa, afande. Zamani."

"Alivunjwa na nani?"

"Namaanisha kibanda. Kibanda ndicho kilichovunjwa. Pale, penye vioo."

Afisa akaligeukia jumba, akalitazama kutoka chini hadi juu. "Kwa hiyo ulikuwa unatazama kibanda ambacho hakipo, cha kinyozi ambaye hayupo, ukagonga gari ambalo lipo."

"Ndiyo, afande."

"Umekunywa?"

"Chai tu."

Alinifanya nimpulizie usoni. Akaridhika, ingawa hakufurahi. Nikamuuliza kama, nikiwa nimekubali makosa mbele ya watu wote hawa na kutia sahihi, gari la shule linaweza kwenda na mama akaja kuandikisha maelezo mchana. Akafikiri. Akanihakikishia kwamba nikibadilisha maneno kituoni atanifundisha adabu. Nikatia sahihi. Mama akanitazama, akasema neno moja, "Haya," akaingia ndani ya gari.

Kifuniko cha buti kikainuka.

Gari lenye buti wazi haliwezi kuingia uwanja wa mtihani. Mtahini huanza kwa kulizunguka. Tulitafuta kamba. Muuza smokie alikuwa na mifuko ya karatasi tu. Mtu wa boda alitoa waya wa chaja, ukakatika. Saa ilikuwa inakwenda. Basi nikavua mkanda wangu wa suruali, mwalimu akaupitisha kwenye ndoana ya buti na chini ya bampa, akakaza hadi tundu la mwisho. Ulikaa vizuri ajabu. Gari likaonekana kama bwana mmoja aliyekula vizuri Jumapili.

Mama akawasha injini. Akatazama kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto. Akawasha indiketa. Mbele ya zebra akasimama tena, na safari hii umati wote, ishirini na zaidi, ukavuka mbele yake kwa heshima kuja upande wangu, ili asionekane amesimama bure. Kisha akaondoka, polepole mno, pikipiki ya yule mtu wa boda ikimtangulia kumfungulia njia kwa honi.

Mimi nilikwenda kituoni na gari la shemeji, afisa kando yangu, mkono wangu mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye suruali.

Yaliyofuata ni karatasi. Ajali ndogo huchukua sekunde moja na karatasi huchukua siku. Niliandika maelezo, nikaambiwa niandike upya kwa sababu neno kinyozi lilitokea mara saba. Niliomba abstrakti, ile hati ya polisi ambayo bima haitakusikiliza bila hiyo, nikaambiwa nije kesho. Nilimpigia shemeji. Nilimweleza yote, kuanzia kinyozi hadi mkanda. Kisha akauliza, "Limeoshwa?" Nikasema bado. Akakata.

Saa tisa na nusu mama akaingia kituoni na mwalimu wake. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikasimama haraka kuliko suruali yangu ilivyoweza, nikakaa tena.

"Imekuwaje?"

"Sijui," mama akasema. Uso wake ulikuwa umechoka. "Wanasema watatuma ujumbe kwenye simu. Ubao nilimaliza. Sikunguruma. Barabarani mtahini hakusema neno hata moja, aliandika tu. Mtu akiandika hivyo bila kusema si vizuri."

"Wengine huandika tu," mwalimu akasema, bila imani.

Afisa wa kaunta, mwanamke mwenye miwani, akamwita mama aandikishe maelezo. Alifungua kile kitabu kikubwa. Akauliza jina, akaandika. Namba ya kitambulisho, akaandika. Anapoishi: Kitisuru, kwa mwajiri.

"Kazi?"

"Mpishi."

Akaandika. Na simu ya mama ikalia ndani ya sweta.

Aliitoa, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akamnyooshea mwalimu. Mwalimu akasema hawezi, moyo wake hauwezi. Basi nikapewa mimi. Nilisoma kimya kwanza, mara mbili, maana siku hiyo sikuwa najiamini na kitu chochote cha kutazama.

"Umefaulu," nikasema.

"Soma tena."

"Umefaulu, mama."

Alipiga ukelele ambao uliwatoa maafisa wawili ofisini mbio, mmoja na kijiko cha chakula mkononi. Mwalimu alikaa chini sakafuni, tai ikamfunika mdomo. Kutoka nyuma, mahabusu, sauti ya mtu tusiyemwona ikasema, "Hongera, mathe!" na nyingine ikauliza, "Amepewa dhamana?"

Mama akapangusa macho kwa mkono wa sweta, akainama juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye kitabu.

"Futa hapo."

"Hapo wapi?" afisa akauliza.

"Hapo kwa mpishi."

"Mama, kitabu hiki hakifutwi."

"Basi kata na mstari."

Afisa alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akachukua rula, akakata neno lile kwa mstari ulionyooka, akamfanya atie sahihi pembeni, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: DEREVA. Mama akalisoma taratibu, herufi moja moja, mpaka ya mwisho. Ndipo akaomba simu yake, nikampa, akapiga Kitisuru.

"Madam," akasema, na sauti yake ilikuwa mpya kabisa, hata mwalimu aliinua kichwa kutoka sakafuni. "Waambie watoto Jumatatu saa kumi na mbili na nusu wawe wamevaa viatu. Sipendi kungoja."